Padre Tolton na Milango ya Seminari



Sisi tunaoandika makala haya ni mafrateri watano wa mwaka wa tatu wa teolojia. Muhula huu, katika somo la historia ya Kanisa, tulipewa kazi ya kusoma maisha ya Padre Augustus Tolton, padre wa kwanza Mmarekani aliyejulikana na watu wote kuwa ni mweusi. Kazi yenyewe ilikuwa ya wiki mbili. Mjadala wake umetufuata mezani, shambani na kwenye zamu ya kuosha vyombo, na mpaka leo haujaisha. Tumeona tuulete kwenu, mafrateri wenzetu na waamini wa parokiani, kwa kuwa unagusa jambo tunalolisikia kila mara redioni na kwenye simu zetu: ubaguzi wa rangi Marekani, na kile ambacho Wamarekani wenyewe wanakiita upendeleo wa weupe.

Mmoja wetu alipinga tangu mwanzo. "Mambo ya Wamarekani tuwaachie Wamarekani," alisema. "Sisi tuna ya kwetu yanatutosha." Hoja yake haikuwa ya kudharauliwa. Tulimjibu kwa mambo mawili. Kwanza, Kanisa ni mwili mmoja, na kidonda cha mguu hakiachiwi mguu peke yake. Pili, mapadre wa majimbo yetu wanatumwa Marekani kusoma na kuchunga parokia, na kati yetu watano huenda mmoja akatumwa. Siku atakaposhuka kwenye ndege akiwa na kola shingoni na ngozi yake nyeusi, ataingia katika historia ambayo haikumngoja yeye ianze. Ni vema akaijua mapema.

Historia yenyewe ni hii. Augustus Tolton alizaliwa mwaka 1854 katika jimbo la Missouri. Wazazi wake walikuwa watumwa, na waliowamiliki walikuwa Wakatoliki. Mtoto alibatizwa kanisani kama watoto wengine, na baada ya ubatizo akarudi kuwa mali ya mtu. Mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mama yake Martha aliwachukua watoto wake, wakatoroka na kuvuka mto Mississippi hadi mji wa Quincy, Illinois, ambako utumwa haukuruhusiwa. Utumwa ulibaki ng'ambo ya mto, lakini ubaguzi waliukuta umewatangulia. Katika shule ya kwanza ya parokia aliyopelekwa Augustus, wazazi weupe walilalamika mpaka mama yake akamtoa. Kijana akafanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Baadaye padre mmoja kutoka Ireland, Peter McGirr, alimpokea katika shule ya parokia yake na kuwakabili waamini waliokuja juu.

Kijana alipoonyesha wito, mapadre waliomfahamu walimtafutia nafasi. Hakuna seminari hata moja ya Marekani iliyokubali kumpokea. Tunaomba msomaji asipite haraka hapa. Sisi tunaishi seminarini. Tunajua barua ya kukubaliwa ilivyopokewa nyumbani, namna mama alivyopiga vigelegele na jumuiya ndogo ndogo ilivyochanga sanduku na shuka. Tunawajua pia wenzetu waliorudishwa kwa sababu ya afya au masomo. Lakini kurudishwa na kila nyumba ya malezi katika nchi nzima kwa sababu ya ngozi, wakati paroko wako anashuhudia kwamba una wito, hilo ni jambo jingine kabisa. Waliokataa walikuwa magombera na walezi, watu waliosali masifu kila asubuhi kama sisi.

Tolton alipelekwa Roma mwaka 1880, akasoma katika chuo cha Propaganda Fide, na tarehe 24 Aprili 1886 akapewa daraja ya upadre katika Basilika la Mtakatifu Yohane wa Laterano. Alitazamia kutumwa Afrika. Wakubwa wake wakaamua arudi nchini kwake. Alirudi Quincy, na huko weupe nao walianza kuhudhuria misa zake, jambo lililomkasirisha padre mweupe wa mji huohuo. Mwaka 1889 alihamia Chicago, akawachunga Wakatoliki weusi maskini na kuwajengea kanisa la Mtakatifu Monika. Tarehe 9 Julai 1897, akirudi kutoka mafungo ya mapadre siku ya joto kali, alianguka na kufa. Alikuwa na miaka 43. Mwezi Juni 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alitambua fadhila zake za kishujaa.

Katika kusoma tulikutana na watu wengine waliotusaidia kuelewa zaidi neno upendeleo. Mwaka uleule wa 1854 ambao Tolton alizaliwa, kijana James Augustine Healy alipewa upadre huko Paris. Healy alizaliwa Georgia. Baba yake alikuwa mwenye shamba kutoka Ireland, mama yake alikuwa mtumwa, na kwa sheria ya Georgia watoto wa mtumwa walikuwa watumwa. Lakini baba alikuwa na fedha za kuwapeleka watoto kusoma kaskazini, na jina la ukoo lilikuwa la Kiayalandi. Waliishi hadharani kama watu wa asili ya Ireland, na viongozi wa Kanisa waliojua habari za mama yao hawakuitangaza. Mwaka 1875 James akawa askofu wa Portland, Maine. Mdogo wake Patrick, Mjesuiti, akawa mkuu wa Chuo cha Georgetown mwaka 1874. Hiki ndicho chuo ambacho Wajesuiti wa Maryland waliokoa hali yake ya fedha mwaka 1838 kwa kuuza watu 272 kwenye mashamba ya Louisiana.

Wekeni maisha haya mawili pamoja. Wote wawili walizaliwa na mama mtumwa, na wote walisomea upadre nchi za nje. Aliyepita machoni pa watu kama mweupe alipewa fimbo ya kiaskofu, na aliyeonekana mweusi alisumbuliwa hata kwa sababu ya watu waliokuja kwenye misa yake. Hatusemi haya kumshusha Askofu Healy, aliyewatumikia maskini kwa moyo. Tunasema kwamba rangi, au kile ambacho watu waliamini kuwa ni rangi yake, ilimfanyia kazi bila yeye kuiomba. Hapo ndipo tulipoanza kuelewa maana ya upendeleo wa weupe. Ni mlango unaofunguka wenyewe, na anayepita hana sababu ya kuuona kuwa ni mlango. Wahenga wetu walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mwalimu mmoja Mmarekani mweupe, Peggy McIntosh, aliandika mwaka 1989 makala fupi ambamo aliorodhesha vitu vidogo vya kila siku ambavyo yeye hupewa kwa sababu ya weupe wake. Aliufananisha upendeleo huo na mkoba usioonekana unaobebwa mgongoni. Tangu hapo neno hilo limekuwa la ugomvi katika siasa za nchi yake. Wengi hulisikia kama tusi. Mtu ambaye baba yake alichimba makaa ya mawe milimani na kufa kwa ugonjwa wa mapafu anauliza: upendeleo gani? Swali lake ni la haki. Weupe wake haukumzuia kuwa maskini. Kilichotofautiana ni kwamba katika vikwazo vyote vilivyomkabili, rangi yake haikuwa kimojawapo, wakati jirani yake mweusi alikuwa na umaskini uleule na juu yake kizuizi cha sheria.

Na sheria zilikuwapo. Hapa ndipo frateri mwenzetu aliyepinga alipoanza kunyamaza na kuandika. Mwaka 1870 Katiba ya Marekani ilikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Majimbo ya kusini yakatafuta njia ya kuzunguka: kodi ya kupiga kura, mitihani ya kusoma, masharti ya kuwa na mali. Lakini masharti hayo yangewanasa pia weupe maskini wasiojua kusoma. Kwa hiyo mwaka 1898 Louisiana ikaweka kifungu kilichokuja kuitwa kifungu cha babu: mtu ambaye yeye mwenyewe, baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867, asisumbuliwe na mitihani. Tarehe hiyo weusi wa Louisiana walikuwa bado hawajapewa kura. Neno rangi halikuandikwa mahali popote katika kifungu hicho. Weusi waliojiandikisha kupiga kura katika jimbo hilo walikuwa zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Kufikia mwaka 1900 walibaki kama 5,300. Mahakama ya Juu ilifuta vifungu vya namna hiyo mwaka 1915, lakini mbinu nyingine ziliendelea mpaka Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965.

Habari ya nyumba ni hiyohiyo. Katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilianza kuwasaidia wananchi kupata mikopo ya nyumba. Chombo chake kimoja kilichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari kukopesha, na mitaa ya weusi ilipakwa nyekundu. Chombo kingine, kilichoundwa mwaka 1934, kilidhamini mikopo ya nyumba katika vitongoji vipya vya weupe na kuwanyima weusi. Sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba ilikuja Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Kwa zaidi ya miaka thelathini, basi, familia moja ilikuwa inalipia nyumba yake na nyingine inalipa kodi ya pango. Nyumba inarithiwa, risiti ya pango hairithiwi. Uchunguzi wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba familia ya kati ya weupe ilikuwa na mali ya dola 285,000 hivi, na familia ya kati ya weusi dola 44,900. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara sita. Haielezwi kwa uvivu wa mtu au bidii ya mwingine tu.

Baada ya hapo tuligongana kwenye swali gumu zaidi, na sisi kama wanateolojia watarajiwa hatukuweza kulikwepa. Je, mtoto aungame dhambi ya babu yake? Mweupe aliyezaliwa mwaka 2000 hakumuuza mtu, hakuchora ramani, hakuandika kifungu. Kumwita mwenye dhambi ni kumwonea.

Wenzetu wawili wanaotoka Kilimanjaro walitupa mfano. Kwao mpaka wa kihamba huwekwa kwa masale. Tuseme babu aliamka usiku mmoja, akayang'oa masale na kuyapanda hatua ishirini ndani ya kihamba cha jirani. Babu amekufa. Mjukuu amezaliwa akiyakuta masale hapo yalipo, na mikungu ya ndizi anayokata anaiona kuwa ni yake halali. Je, ana dhambi ya babu? Hana. Lakini siku akionyeshwa mpaka wa kale, akaona na watoto wa jirani walivyobanwa kwenye kipande kilichobaki, kila mkungu anaokata tangu siku hiyo una swali ndani yake. Haulizwi tena babu alifanya nini, anaulizwa yeye atafanya nini. Wenzetu waliongeza jambo moja: jani lilelile la sale linaloweka mpaka ndilo analobeba mtu wa kwao anapokwenda kuomba msamaha na kurudisha amani.

Mfano huo unakubaliana na mafundisho ya Kanisa. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1987 juu ya masuala ya jamii, alifundisha juu ya miundo ya dhambi: dhambi za watu binafsi hujikusanya, zikawa desturi na taratibu ambazo huendelea kuumiza hata wale walioziweka wakishaondoka. Zakayo naye hakuishia kumwambia Bwana kwamba amesikitika. Alifungua mfuko, akahesabu na kurudisha.

Kanisa la Marekani lenyewe limekuwa pande zote mbili za habari hii. Tarehe 5 Agosti 1966 Martin Luther King aliongoza maandamano huko Chicago kudai weusi waruhusiwe kuishi popote mjini, akapigwa jiwe kichwani. Kati ya waliorusha mawe walikuwamo Wakatoliki wa parokia za jirani, na kati ya walioandamana naye walikuwamo mapadre na masista. Maaskofu wa nchi hiyo waliandika barua ya kichungaji mwaka 1979 wakifundisha kwamba ubaguzi wa rangi ni dhambi, wakaandika nyingine mwaka 2018. Novemba 2020 Wilton Gregory akawa kardinali wa kwanza Mmarekani mweusi. Hatua hizo ni za kumshukuru Mungu. Lakini anayehesabu miaka kutoka barua za kumkataa Tolton mpaka kofia nyekundu ya Kardinali Gregory ataona kwamba safari haikuwa ya haraka.

Katika siasa hali inapanda na kushuka. Mwaka 2008 Barack Obama alipochaguliwa, wengi, hata huku kwetu ambako jina lake linatamkwa kama la jamaa, walisema yamekwisha. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilidhoofisha ile sheria ya kura ya mwaka 1965. Mwaka 2015 kijana mweupe aliingia katika kanisa la weusi huko Charleston, akaketi nao kwenye mafundisho ya Biblia, kisha akaua tisa. Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd aliuawa Minneapolis chini ya goti la polisi, na dunia nzima ikaona. Siku chache baadaye Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba hatuwezi kufumbia macho ubaguzi wa rangi huku tukidai kutetea utakatifu wa kila uhai. Akakemea na vurugu pia. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikataza vyuo kutazama rangi katika kuchagua wanafunzi. Wapo Wamarekani wenye nia njema wanaosema sheria isiyotazama rangi ndiyo haki pekee. Wengine wanajibu kwamba mbio zilizoanza na mmoja amefungwa miguu hazisawazishwi kwa kumfungua katikati ya uwanja na kumwambia akimbie. Wakatoliki wako pande zote mbili. Sisi tumeegemea jibu la pili, kwa sababu ya masale.

Sasa turudi kwa yule mmoja wetu atakayetumwa. Padre wa jimbo la mmoja wetu anayefanya utume kule alitutembelea akiwa likizo, nasi tukamuuliza. Alisema waamini weupe wa parokia yake ni wakarimu kwake mno, na anawapenda. Kisha akatueleza sifa anayopewa mara kwa mara baada ya misa: kwamba yeye ana adabu na bidii, si kama weusi wa pale mjini kwao. "Wanangu," alituambia, "mara ya kwanza mtaifurahia. Ndiyo hatari yake."

Tumeyatafakari sana maneno hayo. Mgeni kutoka Afrika anaweza kupewa kiti kizuri kwa sharti asilolitamka mtu: akubali kwamba wale wengine wamestahili kusimama. Akikikalia bila kuuliza, amekuwa ushahidi wa kuwatia hatiani ndugu wa damu yake, ambao babu zao walivukishwa bahari kwa minyororo, na baadhi yao wakauzwa na watawa. Na kiti chenyewe hakina uimara. Mwaka 1999, mjini New York, kijana Amadou Diallo kutoka Guinea, mwenye miaka 23, alipigwa risasi na polisi wanne mlangoni pa nyumba aliyoishi. Walifyatua risasi 41. Hakuwa na silaha. Alikuwa akitoa pochi. Mahakama iliwaachia huru polisi wale. Hakuna aliyemuuliza kwanza kama ni mwenyeji au mgeni.

Kwa hiyo tumepatana mambo machache, nasi tunawashirikisha. Yeyote kati yetu atakayetumwa Marekani, akifika atafute kwanza parokia ya Wakatoliki weusi, asali nao, asikilize historia yao kabla hajatoa maoni. Akisifiwa kwa kulinganishwa nao, aikatae sifa hiyo kwa upole na waziwazi, pale pale mlangoni pa kanisa. Akihubiri kwa weupe, asiwahubirie kama adui wala asiwanyamazie kama mfadhili wa jimbo lake, maana msaada wa ujenzi wa zahanati usinunue ulimi wa padre. Na sisi tutakaobaki, tukiona picha za Marekani kwenye simu, tusiwacheke weusi wa kule wala tusirudie majina mabaya wanayoitwa.

Frateri aliyepinga mwanzoni ndiye aliyependekeza jambo la mwisho. Tarehe 9 Julai, siku aliyofariki Padre Tolton, mtawala wa ratiba ametukubalia nia moja katika misa ya asubuhi. Tutawaombea vijana wote waliokataliwa milangoni pa nyumba za malezi kwa sababu ambazo Mungu hazijui, na walezi wanaoshika funguo za milango hiyo. Parokia na jumuiya ndogo ndogo zitakazopenda kuungana nasi siku hiyo, karibuni.